Jino la Mutheu na Chiriku Domonene

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa debe tupu na kijiti, nikaambiwa niketi pembeni mwa uwanja nipige kelele. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimevaa sketi iliyopigwa pasi ya makaa mpaka ikang'aa, na cheti changu kimo ndani ya bahasha. Msimamizi wa Uwanja, mzee mrefu asiyecheka, hata hakukitazama. Alinionyesha jiwe la kukalia akasema, "Binti, kila ndege unayemwacha ashuke hapa, huyo amekula msitu." Nililia kwa hasira siku ile, na sioni haya kusema.

Kituo chetu kilikuwa kwenye milima iliyo juu ya mji wa Machakos, mahali pa baridi ambapo ukungu hukaa mpaka saa nne asubuhi. Jina lake sitalitaja; kilifungwa zamani, na siku hizi majengo yake yanafugiwa kuku. Kazi yetu ilikuwa mbegu za miti. Nyinyi vijana mnaonunua miche kando ya barabara, imepangwa kwenye mifuko myeusi, hamjiulizi ilianzia wapi. Basi mbegu ya paini hukaa ndani ya koni, lile tunda gumu lenye magamba. Koni huchumwa kabla haijafunguka, huanikwa juu ya turubai, na jua likiipata vizuri magamba huachana yenyewe, tak, tak, tak, uwanja mzima. Kisha tunaikung'uta, mbegu zinadondoka kila moja na bawa lake jembamba kama la kumbikumbi. Tunasugua mabawa yatoke, tunapepeta kwa ungo, tunapima, tunaweka ghalani. Mfuko mmoja wa mbegu ni mlima mzima wa miti, kwa hivyo hatukuchezea mbegu.

Adui wa kazi hiyo, nilivyoelezwa, alikuwa ndege mmoja wa msituni anayeitwa chiriku domonene. Msimtafute kwa uzuri, hana. Ni wa kahawia iliyokolea, ana kijani kidogo kwenye mbawa na paji la uso lililofifia. Lakini mdomo! Mdomo ule ni mnene kuliko kichwa chake kinavyostahili. Hana makelele kama ndege wengine. Huja wawili wawili, hutua kwenye tawi, hutulia mpaka umsahau, kisha unamwona yuko kwenye turubai. Huchukua mbegu, huigeuza kwa ulimi mpaka mshono wake ukae sawa mdomoni, halafu hubana. Unasikia kap, na ganda linaanguka vipande viwili. Siku moja nilimtoa mmoja aliyekuwa amenasa kwenye waya, naye kwa shukrani akanibana kidole cha shahada. Nilipiga mayowe ya kuita majirani. Ukucha ulikaa mweusi wiki nyingi.

Siku ya tatu au ya nne, nikiwa nimechoka kupiga debe, alikuja mwanamke mfupi mwenye mabega mapana akaninyang'anya kijiti. Huyo ndiye Mutheu, mama wa msichana anayeitwa Ndanu. Alikuwa mkuu wa wapimaji mbegu, ingawa cheo hicho hakikuandikwa popote. Alizungumza tangu anapofika mpaka anapofunga leso kwenda nyumbani, na meno yake yalikuwa meupe, yote yapo, hakuna pengo.

"Wee msichana, nyamaza kidogo," akasema. "Unafukuza mwalimu."

"Mwalimu gani?"

"Huyo nyunyi." Nyunyi ni ndege kwa Kikamba, na Mutheu akichangamka Kikamba kilimtoka bila kuombwa. Alinishika mkono tukaenda chini ya mti alikokuwa ametua chiriku. Akaokota maganda. "Angalia. Hii amepasua. Hii pia. Sasa hii ingine ameitupa nzima. Fungua."

Nikaipasua kwa jiwe. Ndani hamkuwa na kitu, vumbi tu.

"Umeona? Hapasui kitu tupu, huyo. Anapima uzito na ulimi. Sisi tuko na jino peke yake."

Hapo ndipo niliacha kuona haya kwa kazi yangu. Mutheu alinifundisha kwamba msimu ukikaribia, kabla ya kupeleka wachumaji, unaingia msituni unatazama chini ya miti. Ukikuta maganda mengi yaliyopasuliwa, mti ule una mbegu zilizojaa, unautia alama ya chokaa. Huo ndio mti mama, mti wa kuchumwa mbegu. Ukikuta mbegu nzima zimetupwa, usihangaike nao. Msimamizi wa Uwanja alijua siri hiyo na akajifanya haijui. Alitaka debe lipigwe ili ripoti iseme debe limepigwa, lakini alama za chokaa hakuzifuta.

Na kupima kwa jino ndiko kulikokuwa sifa ya kituo. Katika kila turubai unachota mbegu kumi, hapa na pale, unaziuma moja moja kwa meno ya mbele, unatema, unatazama. Ikiwa nyeupe na imejaa, ni hai. Ikiwa ya kahawia, imekufa. Ikiwa haina kitu, haina kitu. Zikiwa nzima nane au zaidi, fungu linaingia ghalani. Wengine tulikuwa tukiuma tunafikiri, tunauma tena. Mutheu aliuma kama anavuta pumzi. Alipofika kazini, kabla hajaweka chini chakula chake, alikuwa amekwisha kupima turubai lililo karibu na lango. Kila siku aliyoingia pale alianza na hilo, kwa kuwa ndilo la kwanza njiani. Wafanyakazi walimwita Chiriku, naye aliitika.

Miaka ikaenda. Nikatoka kwenye debe nikawa mpepetaji, nikawa mpimaji, nikawa msaidizi wa Karani wa Ghala, bwana mmoja mwenye miwani aliyenifundisha kuandika lebo za mifuko kwa mwandiko usiofutika. Halafu tukaletewa Afisa wa Mbegu. Huyu alikuwa msomi, na sisemi hivyo kwa kejeli, alikuwa msomi kweli. Alileta kabati la kuoteshea mbegu, akaleta majedwali, akaleta kisu kidogo cha kupasulia ili watu waache kuuma. Tuliuma hata hivyo. Viatu vyake havikuwa na vumbi, jambo ambalo mpaka leo sielewi alilifanyaje katika uwanja ule.

Msimamizi wa Uwanja alipostaafu, kila mtu alijua atakayechukua nafasi yake. Afisa wa Mbegu akanichagua mimi. Sababu yake ilikuwa moja: fomu zilikuwa za Kiingereza, na Mutheu hakusoma Kiingereza. Mimi niliyeshikwa mkono na kuonyeshwa maganda chini ya mti nikawa bosi wa aliyenishika. Jioni ile nilimfuata njiani.

"Mama Ndanu, mimi sikuomba hii kazi."

"Hukuomba," akasema bila kusimama. "Lakini ulikataa?"

Tangu siku hiyo Mutheu, mwanamke aliyezungumza na koni na kuzungumza na ungo, hakuzungumza nami. Akiwa na la kusema aliniita "Msimamizi", akasema la kazi, akaenda. Mimi nilikuwa mdogo kwake kwa miaka kumi na mitano, na kwetu mdogo ndiye anayeamkia kwanza. Mwanzoni nilimwamkia kila asubuhi. Alijibu kwa kidevu. Nikachoka, nami nikanuna. Tulikaa hivyo karibu mwaka, watu wazima wawili.

Ukaja msimu mbaya. Mvua ilikuwa chache, koni zilikuwa chache, na chiriku waliokuwa wakitawanyika msituni wakakusanyika uwanjani kwetu kwa kukosa pengine pa kula. Afisa wa Mbegu alisimama dirishani akawatazama kwa muda mrefu.

"Syombua," akaniita. "Hawa wanakula mbegu za miaka ijayo. Tutawawekea dawa."

Niseme ukweli wangu: sikubisha kuhusu ndege. Nilijua kwamba wao ndio waliotuchagulia miti, nilijua kuliko mtu yeyote isipokuwa mmoja, na sikufungua mdomo. Nilibisha jambo moja tu. Mbegu yoyote iliyotiwa dawa hupakwa rangi nyekundu, ili binadamu aione akae mbali. Nikamuuliza rangi iko wapi.

"Ndege ana macho," akasema. "Ukiipaka rangi hataigusa. Hapana rangi. Wewe tangazia watu wako, basi."

"Ndiyo, bwana."

Niliitia dawa kwa mikono yangu, nimevaa glavu za mpira. Afisa akachagua turubai la karibu na lango, kwa kuwa upande ule ndiko msitu ulikokaribia uwanja. Asubuhi niliwakusanya wafanyakazi nikawaambia: hilo turubai hakuna kugusa, ni sumu. Wakaitikia. Nikabandika na tangazo mlangoni, kwa Kiingereza, kama alivyotaka Afisa. Mutheu hakuwepo. Alikuwa Kivaa kwa siku tatu, kumzika kaka yake.

Jioni ya kwanza tuliokota chiriku kwenye nyasi. Wengine walikuwa bado wameishika mbegu mdomoni, mdomo umefungwa, haufunguki hata ukiuvuta. Jioni ya pili tukaokota zaidi, na chini ya miti ya lango tukakuta wale wa wawili wawili, mmoja hapa, mwenzake hatua chache tu kando. Niliwatia kwenye gunia nikawachoma. Nilisikia vibaya, nikajiambia ni kazi.

Asubuhi ya siku iliyofuata nilisimama langoni na daftari la mahudhurio, kama kila siku. Nilimwona Mutheu akipanda mlima, kitambaa cheusi kichwani, chakula chake mkononi. Nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia. Moja ni pole ya msiba. La pili ni turubai. Nilijua yote mawili, yalikuwa kwenye ulimi. Lakini alipokaribia alitazama mbele kama vile mimi ni nguzo ya lango, na moyo wangu ukasema: leo aanze yeye. Mimi ndiye Msimamizi. Akiniamkia, nitampa pole, na nikimpa pole nitamwambia na lile lingine.

Hakuniamkia. Alipita. Niliinamisha kichwa nikaandika jina lake na saa aliyofika, na mwandiko ulikuwa mzuri. Nilipoinua macho, alikuwa ameinama kwenye turubai la kwanza, anauma, anatema, anatazama.

"Mutheu! Tema! Tema, ni sumu!"

Aligeuka. Alikuwa amekwisha kutema, zote alitema, kama kawaida yake. Alinitazama kwa mshangao, na mshangao wake haukuwa wa sumu.

"Aiya," akasema. "Kumbe leo uko na mdomo?"

Hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu, nje ya kazi, kwa karibu mwaka. Nilikimbia nikamshika, nikapiga kelele maji yaletwe, akasukutua, hata akacheka kidogo akiniona ninavyotetemeka. Halafu akaanza kutetemeka yeye. Jasho likamtoka, mate yakamtoka, mboni za macho zikasinyaa. Tulimpakia kwenye gari la kituo tukateremka mlima, kichwa chake mapajani mwangu. Katikati ya njia alifungua macho akanitafuta.

"Saba," akasema. "Saba nimeuma. Zote ni nzima."

Alikuwa ananipa ripoti. Alikata roho kabla hatujauona mji. Ngai wangu, nimeandika sentensi hiyo mara nne na kuifuta mara nne, na hakuna njia nyingine ya kuiandika.

Siku mbili baadaye Afisa wa Mbegu aliniita ofisini, akafunga mlango. Alikuwa amekonda kwa siku mbili hizo, hilo nimpe. Mezani palikuwa na karatasi iliyopigwa taipu.

"Kaa. Hii maneno inaweza kutumaliza sisi wawili. Nani alitia dawa?"

"Mimi."

"Nani aliweka turubai bila rangi?"

"Wewe ulisema..."

"Nimeuliza nani aliweka."

Akanisogezea karatasi. Ilisema kwamba mfanyakazi fulani, baada ya kuonywa pamoja na wenzake, alikutwa akila mbegu za kituo alizochukua bila ruhusa. Chini paliandikwa shahidi, na jina langu. Hakuna mtu aliyepata kula mbegu pale kwa miaka yote niliyokuwepo. Tuliziuma, tukazitema. Anayejua kazi angecheka kusoma maneno yale, lakini barua ile haikuandikiwa wanaojua kazi.

"Uko na watoto wangapi, Syombua?" akauliza kwa upole.

"Wawili."

"Basi."

Nikatia saini. Hakunishika mkono, hakunitisha zaidi ya hapo. Nilisoma mpaka mwisho, nikaelewa kila neno, nikatia saini.

Mumewe Mutheu alikuwa Kilonzo, mtu mpole, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisa letu. Wiki chache baada ya mazishi alipokea bahasha kutoka kituoni. Naye Kiingereza hakusoma. Akafikiri ni barua ya rambirambi, mwajiri anamsifu mkewe. Kwa hiyo akaja nayo Jumapili, akaomba isomwe mbele ya watu baada ya matangazo, ili wasikie alivyokuwa mfanyakazi mwema. Mimi nilikuwa kwenye benchi la tatu.

Katibu wa kanisa alikuwa mwalimu. Alisoma kimoyomoyo mistari ya kwanza, akaanza kutafsiri kwa sauti: jina la marehemu, kazi yake, tarehe. Kisha akasita. Akamtazama Kilonzo.

"Endelea, mwalimu," Kilonzo akasema. Alikuwa anatabasamu.

Mwalimu angeweza kuikunja akasema mengine ni ya ofisi. Sijui kwa nini hakufanya hivyo. Aliendelea. Aliposema "bila ruhusa", hata watoto wachanga walinyamaza. Kilonzo alisimama pale mbele mikono imening'inia, akauliza polepole, "Kwa hivyo wanasema aliiba?" Aliyekuwa na jibu alikuwa benchi la tatu, anatazama viatu vyake.

Kilonzo aliacha kwaya akakaa nyuma. Baadaye akaacha kuja. Shuleni Ndanu na wadogo zake waliitwa watoto wa mwizi wa mbegu, na watoto wakipata jina la kuita hawaliachi. Mimi nikapewa uhamisho niliouomba mwenyewe.

Nilipelekwa Kivaa, upande wa Masinga, kwenye bustani ya miche ya mukau. Mukau ni mti wa ukame, na kokwa yake ni ngumu hata kisu kinaruka. Mkuu wangu huko, Bwana Miche, alikuwa mcheshi, mtu wa kofia ya majani, aliyekusanya kokwa kwenye mazizi ya mbuzi, kwa sababu mbuzi hula tunda na kuacha kokwa safi. "Mbuzi ni wafanyakazi wangu," alikuwa akisema, "hawaombi likizo." Watu walicheka, nami nilicheka. Kutoka hapo nikapelekwa Konza, kwenye mbegu za miti ya kukinga upepo mashambani, chini ya Meneja wa Mashamba ambaye sikupata kumsikia akisema asante. Miaka mingi nilikaa Konza. Niliwafundisha vijana kila nilichojua: kuanika, kupepeta, kuandika lebo. Jambo moja niliwafundisha kwa ukali. Mbegu inapimwa kwa kisu. Atakayeweka mbegu mdomoni anaenda nyumbani siku hiyo hiyo. Walinong'ona kwamba mama huyu ana kichaa cha mbegu. Niliwasikia.

Huku nyuma, kituo cha mlimani kilianza kutoa mbegu tupu. Nilisikia kwa Karani wa Ghala tulipokutana mjini. Chiriku hawakurudi, au walirudi wachache wasioonekana, na aliyejua kusoma maganda chini ya miti alikuwa kaburini. Wachumaji walichuma mti wowote uliokuwa karibu na barabara. Mafungu yakaingia ghalani yakitoa mche mmoja mmoja. Afisa wa Mbegu alikuwa amekwisha kupandishwa cheo akaenda zake. Kituo kikafungwa, na watu wakasema ni ukame.

Nilistaafu nikarudi nyumbani, kwenye mteremko chini ya milima ile. Mtu akistaafu huulizwa amejifunza nini. Nilijifunza kwamba kazi yangu niliijua vizuri sana. Niliweza kushika konzi ya mbegu gizani nikakwambia kama imekauka. Na ujuzi huo wote haukunisaidia siku niliyotakiwa kusema "umeamkaje, Mama Ndanu, usiguse turubai". Maneno matano au sita, na mtoto angeyaweza. Vijana mnaniuliza siri ya kudumu kazini miaka mingi. Mimi nilidumu kwa kunyamaza, na kama mna akili msinifuate.

Nilijiahidi kila mwaka kwenda kwa Kilonzo. Mwaka huu baada ya mavuno, mwaka huu baada ya mvua. Kilonzo akafa. Baada ya matanga yake nikamwendea Ndanu mjini, ana kibanda cha ushonaji karibu na stendi. Ni mtu mzima sasa, mabega ni ya mama yake. Nilimweleza yote, tangu dawa mpaka saini. Hakuacha kushona. Mguu ulikuwa kwenye kanyagio, kitambaa kinapita.

Nilipomaliza alikata uzi.

"Baba alikufa akijua bibi yake ni mwizi," akasema. "Wewe ulikuwa wapi, Mama?"

"Nilikuwa Kivaa. Halafu Konza."

"Kivaa kuna gari. Konza kuna gari."

"Ndiyo."

"Sasa umekuja nikusamehe?"

"Sijui nimekuja kwa nini."

Alinyoosha kitambaa juu ya mashine. "Mimi sina kitu ya kukupa. Enda useme pale barua ilisomwa. Useme na mdomo, usiandike karatasi. Kwa watu wenyewe."

Nilimwomba mchungaji nafasi, akanipa baada ya matangazo. Nilisimama mahali aliposimama Kilonzo. Nikashika meza. Nikatafuta kwa macho wale waliokuwepo siku ile. Mwalimu amekufa. Wenzetu wa uwanjani wamekufa au wamehamia kwa watoto wao. Nilihesabu wanne, na mmoja wao hasikii. Kanisa lilikuwa limejaa, lakini limejaa watu wengine: wake walioolewa hapa juzi, wapangaji wanaofanya kazi mjini, vijana waliozaliwa baadaye. Ndanu alikaa mbele na hakuniangalia.

Nilisema yote. Nilisema Mutheu hakuiba, alikuwa kazini, aliuma mbegu kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake na alikuwa bora kuliko sisi sote. Nilisema dawa niliitia mimi, na nilimwacha apite bila kumwamkia kwa kiburi, na saini ni yangu. Nililia, sikuweza kujizuia. Watu walipiga makofi kidogo, wakaimba, ibada ikaisha.

Nje, msichana mmoja wa kwaya alinifuata akanishika mikono yote miwili. Ameolewa hapa mwaka jana, uso wake ni wa huruma tupu.

"Pole sana, susu," akaniambia, akiniita nyanya kwa Kikamba. "Umeongea vizuri. Kwani huyo mama aliiba nini?"

Ndanu alikuwa nyuma yangu. Mpaka asubuhi ile msichana yule hakuwa amewahi kusikia jina la Mutheu.

"Mwambie tena," Ndanu akasema.

Nikamwambia tena, hapo hapo juani, polepole, tangu turubai mpaka saini. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, anaitikia kwa kichwa.

"Lakini, susu," akasema, "hizo mbegu si zilikuwa za kituo?"

Ndanu alichukua mkoba wake akaondoka.